Bonyeza Moja Ukikubali

Chembanthara, Kerala
9 Machi 2022

Mwanangu Vinayan,

Huku hatujambo. Goti la mama yako limepungua uvimbe tangu aanze kupakwa mafuta ya yule tabibu wa ng'ambo ya mto. Kugombana bado anagombana, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, ni mzima. Mwanao Ammu ameng'oka jino la mbele, akalifukia chini ya mfenesi na kutulazimisha wote tusimame kimya. Mkeo Dhanya anakusalimu. Amekonda kidogo, nadhani ni joto.

Najua utauliza mbona barua, na simu zipo. Nimekupigia mara nne mwezi huu. Mara zote nne umesema, "Mama Mdogo, niko kwenye kikao, nitakupigia." Hicho kikao kina mwisho kweli? Barua haina kitufe cha kukata. Tena kila nikishika simu, dada yangu, yaani mama yako, husogeza kiti akae karibu, na haya ninayotaka kusema si ya masikio yake.

Kazi yangu unaijua, lakini naona Bengaluru imekusahaulisha. Miaka kumi na tisa natoka maktabani na mfuko begani, napita nyumba kwa nyumba, nawapelekea vitabu wanawake wasioweza kufika wenyewe. Wenye watoto, wenye wakwe, wenye miguu mibovu. Wako sitini na watatu. Nafungua daftari, naandika kitabu, msomaji anatia sahihi, tunanong'ona mawili matatu, naondoka. Sijawahi kupoteza kitabu ila kimoja, na hicho alikila mbuzi.

Sasa mmetuletea programu yenu ya simu. Mkubwa wa wilaya alipoitangaza alisema imetengenezwa na kijana wa hapa hapa, mtoto wa Rajamma, yaani wewe. Nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Laiti ningejua! Nikiingiza kitabu, meseji inakwenda kwenye simu ya msomaji: kitabu fulani kimeazimwa na fulani, bonyeza moja ukikubali. Asipobonyeza hadi kesho yake, kitabu kinahesabiwa hakikuazimwa na mimi nahesabiwa sikufanya kazi. Na hizo namba za simu mmezitoa wapi? Kwenye kadi za mgao wa mchele. Kila kadi ina namba moja, na hiyo ni ya mwanamume wa nyumba, hata kama hajaiona nyumba yenyewe miaka mitatu.

Juzi nilikuwa kwa Kalyaniamma, ana miaka sabini na minane. Nikamwambia meseji imekwenda kwa mwanao Suku, inabidi abonyeze.

"Suku yuko Sharjah."

"Najua."

"Anaendesha kreni."

"Najua, Kalyaniamma."

"Sasa mimi nikisoma hadithi yangu, Suku na kreni lake wanahusika vipi?"

Tulikaa barazani tukingoja. Suku alipopiga alikuwa anacheka, na wenzake nyuma wanacheka, kwa kuwa meseji yenu inataja jina la kitabu. "Mama, umri huu bado unasoma habari za wapenzi?" Kalyaniamma akanirudishia kitabu bila kukifungua. Amesema nisipite tena kwake.

Ni wewe uliyeandika hiyo meseji? Nijibu kwa kalamu.

Mama Mdogo wako,
Thankamani

*

Bengaluru
2 Aprili 2022

Mama Mdogo,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa kwa mlinzi wa jengo siku tisa. Alidhani ni tangazo la biashara, hapa hakuna anayeandikiwa barua. Mimi mzima, isipokuwa maji yanakatika siku moja baada ya nyingine, na mpishi tuliyemwajiri hapa nyumbani na wenzangu ameondoka bila kuaga, tunakula mikate tu.

Ndiyo, meseji niliiandika mimi. Lakini usinihukumu kabla ya kusikia. Kabla ya mradi huu kulikuwa na maktaba, si yenu, ambayo kwa miaka minne ilikuwa inamwazimisha vitabu mtu aliyekwisha kufa. Marehemu alisoma kuliko wilaya nzima. Wafadhili waligundua wakakasirika. Ndiyo maana mfumo unataka mtu athibitishe. Mfumo haukujui wewe, Mama Mdogo. Haujui kwamba wewe ni mwaminifu. Unajua tu kilichobonyezwa.

Dawa yake ni rahisi. Badilisha namba za kadi ya mgao, weka namba za wanawake wenyewe. Fungua ukurasa wa msomaji, gusa penseli ndogo upande wa kulia, andika namba, hifadhi. Kazi ya dakika tano.

Kalyaniamma pole yake. Mwambie Suku ni mjinga.

Unasema Dhanya amekonda? Hakuniambia. Kila nikimuuliza kwema, ananiambia kwema. Nikimuuliza mchana anafanya nini, anasema hakuna.

Wako,
Vinayan

*

Chembanthara
13 Aprili 2022

Vinayan,

Marahaba. Keshokutwa ni sikukuu ya Vishu, na nyumba yenu imejaa maua ya njano na kelele. Ammu anauliza kama baba atakuja. Nimemwambia baba yuko kwenye kikao. Mama yako ametia chumvi mara mbili kwenye achari ya maembe na anamlaumu Dhanya.

Dakika tano! Hivi mwanangu, ulizaliwa kijiji hiki au ulidondoshwa na ndege? Katika wasomaji wangu sitini na watatu, wenye simu zao wenyewe ni ishirini na wawili. Kati ya hao kuna ambao simu inashikwa na mjukuu anaangalia katuni kutwa. Hao wengine arobaini na mmoja niwaandikie namba gani? Ya kuku? Nimeigusa hiyo penseli yako ndogo mpaka ukucha umeniuma.

Na si Kalyaniamma peke yake. Nikueleze habari ya mke wa mtu mmoja hapa kijijini. Jina sikutajii, na usilitafute. Ana shahada ya hisabati imelala kabatini chini ya sari za harusi. Mumewe yuko mbali kikazi. Mkwewe hataki kusikia habari ya mke kutoka kwenda ofisini. Mume naye, siku ya posa, alitamka mbele ya watu kwamba mke wake hatakuwa na haja ya kufanya kazi. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nakula ndizi za kukaanga, nikanyamaza. Nimejuta miaka saba.

Tarehe mbili Julai kuna mtihani wa ajira za serikali, nafasi za ukarani. Ukipita huo, mwingine wa aina yake ni mpaka miaka mitatu ijayo. Huyo mwanamke anajiandaa. Anasoma mkwewe akilala mchana na mtoto akiwa shule, saa moja na nusu kwa siku. Vitabu nampelekea mimi, nimevifunga gazeti na juu nimeweka cha mapishi. Akikosa vitabu amekosa mtihani, maana hawezi kwenda dukani kununua bila kuulizwa anakwenda wapi.

Basi kile cha kwanza nilikiingiza kwenye mashine kabla sijajua meseji inakwenda kwa nani. Ilikwenda kwa mumewe, na jina la kitabu lote. Mwanamke wa watu hakula siku tatu. Tukangoja mume apige simu awake moto. Akapiga kama kila siku, hakuigusia. Kwenye mashine ikaonekana kimekubaliwa, kumbe alibonyeza moja. Tumejiambia labda hakuisoma, wanaume hubonyeza tu ili meseji iwaondokee. Wewe unaonaje? Wewe ni mwanamume, una simu, niambie.

Sasa nimepata dawa yangu mwenyewe. Usiniulize ni ipi.

Mama Mdogo

*

Bengaluru
8 Mei 2022

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nashukuru kwa achari, imefika, chumvi kweli ni mara mbili. Nilikuwa na homa wiki moja, sasa nimepona.

Dawa yako nimeiona. Wasomaji arobaini na mmoja umewafuta, na vitabu vyao vyote umeviandika kwa msomaji mmoja mwenye namba inayoishia mia tatu na kumi na nane. Namba hiyo naijua kwa moyo tangu nikiwa shule. Ndiyo niliyokuwa nikipiga nikigombana na mama, nije kula kwako. Mama Mdogo, unaingiza kitabu kwa mkono wa kulia na kubonyeza moja kwa mkono wa kushoto! Huu ni mfumo wa wilaya nzima, si jiko lako. Nimekaa mbele ya skrini nimeshika kichwa. Wakikagua watasema Chembanthara nako kuna marehemu anayesoma, halafu maktaba itaondolewa kwenye mradi, na kazi yako ya kupita nyumba kwa nyumba itakwenda na maji. Siwezi kukuripoti. Siwezi pia kujifanya sijaona. Unaniweka pabaya kweli.

Kuhusu swali lako la mume na meseji, sijui. Watu wako mbalimbali.

Nimeondoa majina ya vitabu kwenye meseji. Ni marekebisho madogo, yalikuwa kwenye ratiba.

Huyo mke wa mtu anatumia vitabu vya mwaka gani? Nauliza kwa sababu maeneo ya mtihani yamebadilika, vya zamani vitampotosha. Nimetuma vitano vipya kwa anwani ya maktaba. Ni msaada wa kawaida kwa maktaba.

Wako,
Vinayan

*

Chembanthara
4 Juni 2022

Vinayan,

Mvua imeingia. Nguo hazikauki, ukuta wa jikoni kwenu umeota ukungu, na Ammu amepoteza mwavuli wa pili. Mama yako goti limerudi kuuma, anasema linajua mvua kuliko redio. Mimi navitia vitabu kwenye mifuko ya nailoni, kisha kwenye mfuko wangu, kisha mimi mwenyewe nalowa.

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Jana katibu wetu wa maktaba, Divakaran, amekuja mbio na barua yenye muhuri, miwani imejaa matone, mwalimu mstaafu mzima analia. "Thankamani, umetuheshimisha!" Mimi, mimi mwenye macho haya mabovu, nimetangazwa Msomaji Bora wa Wilaya. Vitabu mia moja thelathini na saba kwa wiki saba. Mashine yenu imehesabu yenyewe, ikatoa orodha yenyewe, na hakuna binadamu hata mmoja aliyejiuliza huyu mama anakula saa ngapi.

Wameniambatishia orodha ya nilivyosoma. Nimesoma malezi ya mtoto mchanga, na sina mtoto. Nimesoma maisha na kisukari mara tatu, yaelekea sikuelewa. Nimesoma namna ya kumrudisha mume aliyepoa. Wangu alikufa mwaka 2009, sijui nimrudishe kutoka wapi. Nimesoma hesabu za mtihani wa ukarani sehemu ya kwanza hadi ya nne. Ukweli ni kwamba tangu Aprili nimesoma kitabu kimoja na nusu.

Siku ya Kusoma, tarehe kumi na tisa, natakiwa nipande jukwaani nivishwe shali na kupewa ngao. Divakaran ameshaagiza bango lenye picha yangu. Mama yako ameshachagua sari ya kukalia mstari wa mbele. Nikiipokea ngao, mimi ni mwizi. Nikisema ukweli wote, watarudisha kila mwanamke kwenye namba ya mumewe, na meseji zitaanza tena. Umeondoa jina la kitabu, sawa, lakini mume akiona mkewe anaazima kila wiki atauliza anaazima nini. Yule mke wa mtu amebakiwa na wiki nne. Ameshamaliza sehemu ya tatu. Nikikatiwa mfuko leo, amekwisha.

Wewe ndiye mwenye funguo za hiyo mashine. Fanya kitu, mwanangu, nimechoka kuongea na chombo kisichosikia!

Vitabu vitano vimefika. Msaada wa kawaida, ehe. Maktaba nzima inaomba hadithi za wapelelezi, nawe umetuma vitano vya mtihani mmoja. Nimevifikisha panapohusika. Sikusema vimetoka kwa nani, kwa kuwa nawe hukusema.

Mama Mdogo

*

Bengaluru
13 Juni 2022

Mama Mdogo,

Shikamoo. Hii naituma kwa njia ya haraka ikuwahi. Habari zangu leo hazina maana, naomba niziruke.

Orodha ya washindi siwezi kuizuia, imeshatoka ofisini kwetu na mkubwa wa wilaya ameshaitia sahihi. Nimejaribu. Nimeulizwa kwa nini namwonea wivu shangazi wa watu. Nikasema ni mama yangu mdogo. Wakacheka wakasema basi hongera.

Sasa lile jingine. Tumelizunguka miezi mitatu, na wewe ulijua tangu barua ya Aprili kwamba ninajua. Meseji ya kwanza ilinifikia nikiwa kwenye kikao. Kitabu: Hesabu za Mtihani wa Ukarani. Msomaji: Dhanya. Niliisoma mara tatu. Sikubonyeza ili iniondokee. Nilibonyeza kwa sababu nilikuwa nakubali.

Halafu nikangoja aniambie. Kila jioni nilipiga simu nikisema moyoni, leo ataniambia. Ananiambia ukungu, goti, mwavuli. Nami sikuweza kumuuliza, kwa kuwa ningelazimika kusema nimejuaje. Na lile neno la siku ya posa ni langu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, baba yake alikuwa ananikodolea macho, nikataka nionekane mtu. Sikujua kama kuna mtu anakula ndizi na kuliweka akilini. Nilipoona amekuzoea wewe kuliko mimi, niliumia, na hasira zangu nikazileta kwako kwa jina la mfumo. Nisamehe.

Nataka kuja. Nitaomba likizo, nimpeleke mwenyewe kwenye mtihani tarehe mbili, mama nitamwambia tunakwenda kwa daktari wa meno. Mwambie Dhanya ninajua, tena nimefurahi. Mwambie wewe, mimi nikipiga simu nitaharibu.

Vinayan

*

Chembanthara
21 Juni 2022

Vinayan,

Mama yako hajambo, ila hanisemeshi tangu juzi. Utaelewa mbele. Ammu ana mafua.

Nianze na jukwaa. Ukumbi ulijaa, mvua inapiga bati, bango lina picha yangu ya mwaka wa harusi ya binamu yako, sijui waliitoa wapi. Wakanivisha shali. Mkubwa wa wilaya akanipa kipaza sauti niseme siri ya kusoma vitabu vingi hivyo. Nilikuwa nimejitungia uongo mzuri kabisa. Nikautazama ule mstari wa nyuma. Walikuwa wamekuja, Vinayan. Kalyaniamma ameshikwa mkono na jirani, na wengine kama ishirini, hata wale wasiotoka nje. Walikuwa wananitazama mdomo, wanaogopa nitasema nini.

Nikasema, "Hivi vitabu sijavisoma mimi. Vimesomwa na wanawake arobaini na mmoja wa kijiji hiki. Nimeviandika kwa jina langu kwa sababu mashine yenu haitaki mwanamke asome mpaka mwanamume abonyeze."

Mkubwa akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Mama, tupe majina yao, tuisahihishe orodha."

Nikamwambia, "Andikeni Thankamani."

Akauliza tena. Nikajibu vilevile. Mara ya tatu Kalyaniamma akapaza sauti kutoka nyuma, "Si ameshawaambia? Mnasikia kwa masikio au kwa simu?" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Ngao nikaiacha mezani. Mama yako amesema nimemwaibisha na sari yake mpya.

Wamenichukua ile simu ya maktaba mpaka uchunguzi ukamilike. Kazi imesimamishwa. Mfuko wamesahau kuuchukua, na daftari langu la zamani hawakujua lipo. Kwa hiyo jana nimetembea nyumba kumi na moja kama kawaida.

Sasa ya kwako. Nilimkuta Dhanya anakuna nazi. Nikamwambia kama ulivyosema, anajua, amefurahi, anakuja kukupeleka. Nilitegemea atatabasamu, mimi mjinga. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Kisha akasema, "Kwa hiyo miezi mitatu alikuwa ananichungulia." Nikasema hakuchungulia, meseji ilimfuata. Akasema, "Na kila jioni aliponiuliza mchana unafanya nini, alikuwa ananipima kama nitasema uongo?" Jibu la hilo ni lipi? Unalo wewe?

Anasema usije. Atakwenda kwa basi la asubuhi, peke yake, na ameshajua kituo cha kushukia. Usiudhike. Ukija ukampeleka, itakuwa wewe ndiye uliyempa ruhusa ya mtihani, na yeye ameutafuta kwa saa moja na nusu moja moja. Nimekasirika na wewe, nimekuhurumia, vyote kwa pamoja. Ukitaka kumfanyia kitu, hebu itengeneze hiyo mashine isichungulie watu.

Mama Mdogo

*

Bengaluru
29 Juni 2022

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mpe pole Ammu kwa niaba yangu.

Sitakuja. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za jengo, sikuweza kufika juu.

Jumatatu tulikuwa na kikao, na safari hii ni kikao kweli, kuhusu wewe. Mkubwa wangu alitaka kujua tutazibaje tundu lililotumiwa na mkutubi wa Chembanthara. Niliuliza swali moja: nani aliomba majina? Wafadhili wanataka hesabu ya vitabu vilivyotoka na vilivyorudi. Nikawaonyesha mkataba, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna aliyeomba jina la msomaji, wala kitabu gani kimekwenda kwa nani. Kila mtu akamwangalia mwenzake. Hayo majina niliyaweka mimi, mwaka jana, kwa sababu kwenye skrini kulikuwa na nafasi tupu. Nafasi tupu tu, Mama Mdogo.

Nimeirekebisha bila kungoja kibali. Meseji hazipo tena. Kila msomaji atakuwa na kadi yenye namba, ya karatasi, unayoijua wewe na yeye. Kitabu kikirudi, namba na kitabu vinaachana, na hata mimi siwezi kuvikutanisha. Vya nyuma nimevifuta vyote, pamoja na vyako mia moja thelathini na saba. Ukaguzi atafanya katibu Divakaran kwa miguu yake, nyumba kumi kila mwezi, aulize kama mfuko ulipita. Mkubwa wangu alifoka, kisha akaituma wilayani kama wazo lake. Mimi wamenitoa kwenye mradi. Nimehamishiwa kwenye programu ya kuagizia mboga.

Simu yangu siku hiyo ya tarehe mbili itakuwa mfukoni. Sitapiga. Lakini ukipata nafasi niandikie tu kama basi lilifika.

Vinayan

*

Chembanthara
12 Julai 2022

Mwanangu Vinayan,

Marahaba, mara nyingi. Mafua ya Ammu yamekwisha, jino jipya limechomoza, limepinda kama la kwako. Mboga si kazi mbaya, angalau hazina mume.

Wilayani wameniita wakanirudishia ile simu, bila kuomba radhi, wakanieleza mabadiliko yao mapya kana kwamba wameyaota wao. Nikasikiliza kwa adabu. Kadi nimeziandika mwenyewe, sitini na tatu. Kalyaniamma amechagua namba saba na jana amechukua riwaya mbili nene. Ameniambia Suku akipiga atamwambia anasoma habari za kreni.

Basi lilifika. Mvua ilikuwa ya kumwagika. Mama yako nilimwambia ukweli asubuhi ile ile, basi likiwa limeshavuka daraja. Uongo wa daktari wa meno ungenishinda. Alinuna mpaka saa nane mchana. Saa nane akauliza, "Huko kwenye mtihani wanapewa chakula?" Nikasema hawapewi. Akanyanyuka na goti lake, akafunika sahani ya wali na mchuzi wa samaki, akaiweka pembeni. Akarudi kununa.

Mtihani ulikuwaje? Namjua aliyeufanya, na aliniambia tulipokaa barazani akikausha nywele. Lakini hilo ni lake.

Jumanne nimepita kwenu na mfuko. Dhanya amechukua vitabu viwili, wala si vya mtihani. Simu yako haikulia, sivyo? Basi ukitaka kujua anasoma nini, mpigie umuulize.

Mama Mdogo wako,
Thankamani